Rangi Zangu Zilimhukumu Mtoto

Naungama kosa hili hadharani kwa sababu nililitenda hadharani, mbele ya watoto, wazazi na wageni waliokuja kunipongeza. Nilimwandikia barua mama mmoja wa Kibokoni, nikamweleza kuwa mwanawe ni mzito wa kuelewa na kwamba nimemrudisha kwenye kundi la wanaoanza. Ushahidi wangu ulikuwa matokeo yaliyotolewa na kompyuta. Masomo yaliyokuwa ndani ya kompyuta hiyo niliyatunga mwenyewe, rangi zake nikazichagua mwenyewe, mpangilio wa kila ukurasa ukatoka mkononi mwangu. Mtoto yule hakuwa mzito hata chembe. Nilimpa skrini isiyosomeka, kisha nikampa alama za asiyejua kusoma.

Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili muda mrefu kabla sijagusa kompyuta. Mambo yalipobadilika Mombasa, yalibadilika kwa kasi. Mwaka 2009 nyaya za intaneti za TEAMS na SEACOM zilipita chini ya bahari zikaingia nchi kavu hapa hapa kwetu. Mwaka 2013 serikali ikaahidi kompyuta kwa kila mtoto wa darasa la kwanza; ahadi ilikawia, na mwaka 2016 vishikwambi vikaanza kupelekwa shuleni. Mtaala wa umilisi ulipokuja, ukauweka ujuzi wa dijitali katika umilisi saba wa msingi. Kila mwenye kituo cha masomo ya ziada akataka masomo ya kompyuta, na mwalimu aliyejua kutengeneza slaidi hakukosa wa kumwita. Nami nikaitwa na kituo kimoja cha jamii Mji wa Kale, ghorofa ya juu ya nyumba ya zamani, chenye kompyuta zilizokwisha tumika kwingine. Kituo sikitaji jina. Kilinipa chumba, umeme na uhuru wa kufanya nilivyotaka, na kosa likatoka katika uhuru huo.

Nilichagua kufundisha ngeli. Asiyefundisha watoto wa Mombasa anaweza kudhani kuwa ngeli hazina taabu kwa mtoto aliyezaliwa akisema Kiswahili. Zina taabu. Mtoto hukosea mara chache anapozungumza nyumbani, lakini ukimwambia aitaje ngeli ya neno, au umpe sentensi yenye nomino ya kumtega, hutetereka. Kijana, kiboko, kifaru na kipofu huanza kwa ki-, hali upatanisho wake ni wa A-WA. Mwalimu husema, hurudia, huandika ubaoni, na kesho yake mtoto huandika tena “kijana kimefika”.

Basi nikaona nimepata dawa. Kila ngeli niliipa rangi yake. A-WA ilikuwa nyekundu, U-I kijani, KI-VI hudhurungi, LI-YA manjano, I-ZI buluu. Nomino na kiambishi kinachoifuata vilivaa rangi moja: “mti” wa kijani, na mbele yake “u” ya kijani katika “umeanguka”. Zoezi lilikuwa la kuburuta. Mtoto anashika neno kwa kipanya, analipeleka kwenye kisanduku cha rangi yake, kisanduku kinawaka kijani akipata na chekundu akikosa. Hapakuwa na alama nyingine yoyote. Majina ya ngeli hayakuandikwa juu ya visanduku, kwani niliona maandishi yangeharibu sura ya ukurasa. Hilo nalikumbuka vyema, maana niliyaweka kisha nikayaondoa kwa mkono wangu.

Halafu nikapamba. Ukingoni mwa kila ukurasa niliweka pindo la leso. Nyuma ya maandishi niliweka picha ya Ngome ya Yesu wakati wa machweo, iliyofifishwa kidogo tu. Jahazi lilipita chini ya skrini kutoka kushoto kwenda kulia wakati mtoto akifikiri, na udi wa taarabu ukipigwa polepole. Kitufe cha kuendelea nilikihamisha kila ukurasa ili watoto wasichoke. Ukurasa wa kukaribisha ulikuwa na herufi nyekundu juu ya kijani kibichi, nene na za kupinda.

Wageni wakapenda. Waliokuja kukagua kituo walisimama nyuma ya watoto, wakatazama dakika chache, wakapiga picha. Mmoja alisema hajaona somo la kompyuta lenye sura ya Mombasa kama lile. Maneno yale yalinikaa. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha, na usiku ule ule nikaongeza rangi nyingine mbili kwenye mapambo. Kiini cha dhambi yangu nakiona hapo: nilikuwa namtengenezea mtu anayetazama kwa dakika chache akiwa amesimama, na mtoto aliyeketi mbele ya skrini saa nzima nikamsahau.

Dalili zilikuwapo, na nilizipita zote. Jua la alasiri lilipoingia madirishani, watoto waliinuka wenyewe kufunga mabao ya dirisha. Nilidhani wanakimbia joto. Maneno ya LI-YA, yale ya manjano juu ya nyeupe, waliyaacha mwisho siku zote. Nikaandika katika daftari langu kuwa ngeli ya LI-YA ni ngumu kwa watoto wa Pwani. Mtoto mmoja wa kike, kila alipofika kwenye neno jekundu, alisita kwanza akaniangalia. Nilipomuuliza, alisema alidhani amekosa. Shuleni kwao, kama katika shule zetu zote, nyekundu ni kalamu ya mwalimu. Nilicheka nikamwambia aendelee. Sikukaa hata dakika moja kuyapima aliyoniambia.

Na alikuwapo yule mvulana. Alikuwa mtulivu, mrefu kuliko wenzake, mwenye tabia ya kuweka kidole kwenye kioo cha skrini na kukisogeza chini ya neno herufi kwa herufi. Wenzake walimaliza zoezi yeye akiwa katikati. Alikuwa akisogea karibu na skrini, anarudi nyuma, anainamisha kichwa upande, kisha anamnong'oneza jirani yake. Nilimkanya kwa kunakili. Siku nyingine nikamtenga, nikamweka kompyuta ya pembeni peke yake. Programu ilihifadhi muda wa kila jibu na idadi ya makosa, ikanipa jedwali, na jina lake likawa chini kabisa. Jedwali halikuwa na huruma wala chuki, nikalichukulia kuwa haki. Ndipo nikaandika ile barua.

Mama yake aliisoma kama mama yeyote angeisoma. Alimkataza mpira. Jioni wenzake walipokuwa uwanja wa Makadara, yeye alikuwa ndani na daftari la Kiswahili. Hayo niliyajua baadaye.

Siku moja stima ilipotea tangu adhuhuri. Watoto wameshafika, kompyuta zimekufa, nikakumbuka kuwa mazoezi nilikuwa nimeyachapisha kwa ajili ya faili ya wageni. Nilimtuma mkubwa wao hadi Makadara, penye duka lenye jenereta, akatoa kopi. Mashine ya kopi ilikuwa ya wino mweusi. Karatasi zikagawiwa, wakainama, na kwa muda hakuna aliyeandika kitu. Kisha mmoja wa wale niliokuwa nikiwasifu, bingwa wa jedwali langu, akainua mkono akauliza: “Mwalimu, nyekundu ni zipi?”

Niliichukua karatasi yake nikaitazama. Nyekundu, kijani na hudhurungi zote zilikuwa kijivu kimoja. Manjano ilikuwa imepotea kabisa, pamebaki nafasi tupu mahali pa “jicho” na “gari”. Niliwaambia wasihangaike na rangi, wasome neno na kulipatanisha. Nikakusanya karatasi na kuzisahihisha pale pale karibu na dirisha. Watoto waliokuwa wakipata zote kwenye kompyuta waliandika “kijana kimefika”, “kiboko kimezama”, “mto ameenda”. Miezi yote ile walikuwa wamejifunza kulinganisha rangi na rangi, kazi ambayo mtoto wa chekechea anaiweza. Ngeli hawakuwa wamezigusa. Rangi ilifikiri kwa niaba yao, na rangi ilipoondoka ikaondoka na majibu.

Karatasi ya yule mvulana ilikuwa karibu na mwisho wa rundo. Hakuwa wa kwanza darasani, lakini aliwapita wengi niliowapandisha juu yake. Aliandika “kijana amefika”, na pembeni, kwa kalamu ya risasi, maneno madogo: ni mtu. Kwenye “kiboko” ameandika: ana uhai. Alikuwa amejitengenezea kanuni yake. Kwa kuwa rangi hazikumsaidia, alilazimika kusoma kila neno na kuliuliza maana, na kwa hiyo alichukua muda. Muda ule ndio niliouhesabu kuwa uzito wa akili.

Nilimwita. Nilimwonyesha skrini ya simu yangu yenye picha za visanduku vile nikamwomba anitajie rangi. Kwake nyekundu, kijani na hudhurungi zangu zilikuwa jamii moja, akizitenganisha kwa kubahatisha, moja ikiwa nzito kidogo, nyingine nyepesi. Alijibu kwa sauti ya chini, kama anayekiri kosa. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Jioni ile nilikwenda kwao. Mama yake alinikaribisha, akanipa kiti, nikaanza kueleza, na kabla sijafika mbali akaweka mkono kinywani. Ndugu yake mmoja, mjomba wa yule mtoto, alitaka ubaharia tangu ujana wake na akakataliwa alipopimwa macho. Meli usiku hutambulikana kwa taa: nyekundu upande wa kushoto, kijani upande wa kulia. Asiyetofautisha hizo mbili hajui kama chombo kilicho mbele kinamjia au kinamwacha, kwa hiyo mabaharia hupimwa uwezo wa kuona rangi kabla ya kukubaliwa. Mjomba alibaki nchi kavu, akafanya kazi ya mizigo Kilindini. Nyumbani jambo hilo lilijulikana na wote, ila hakuna aliyewaza kuwa lingemfuata mtoto hadi kwenye somo la Kiswahili. Mama akaniambia neno moja tu ambalo nalisikia hadi leo: “Mwalimu, mbona hukuniuliza?”

Sikuwa na jibu. Ningemuuliza lini, ikiwa nilishaamini jedwali?

Baadaye mtoto alipimwa hospitali ya macho kwa vile vibao vya madoadoa yenye tarakimu ndani yake, vilivyobuniwa na daktari Mjapani Shinobu Ishihara na kutumika tangu mwaka 1917. Ikathibitika. Nami nikaanza kusoma nilichopaswa kukisoma kabla ya kupaka rangi ya kwanza. Jicho lina aina tatu za chembe zinazopokea rangi. Vinasaba vya aina mbili kati ya hizo, zile zinazotusaidia kutenganisha nyekundu na kijani, vimo katika kromosomu ya X. Mvulana anayo X moja tu, aliyopewa na mama yake. Ikiwa na hitilafu, hakuna ya pili ya kuifidia. Mama mwenyewe huenda anaona vizuri kabisa. Kwa hiyo hali hii huonekana mara nyingi kwa mjomba na mpwa, kama nilivyoikuta nyumba ile. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya hufikia takriban 8 katika kila 100, kwa wanawake wao 1 katika 200. Kwetu Afrika kwa jumla ni wachache zaidi, lakini mwalimu anayepitisha mamia ya watoto mbele ya skrini zake hana haki ya kudhani hajawahi kukutana nao. Mwingereza John Dalton, mwanakemia aliyeeleza hali hii kwa maandishi mwaka 1794, alikuwa nayo mwenyewe, na hakuigundua ila alipokwisha kuwa mtu mzima. Mtu hawezi kujua kwamba anakosa rangi asiyowahi kuiona. Mtoto hatakuja kukwambia.

Lakini nisijifiche nyuma ya macho ya mtoto mmoja. Hata wenye macho mazima niliwadhulumu. Miongozo ya kimataifa ya kurasa za mtandaoni, iliyotolewa na shirika la W3C Desemba 2008, hupima tofauti ya mwangaza kati ya herufi na rangi iliyo chini yake. Kipimo huanza 1, pasipo na tofauti yoyote, hadi 21, nyeusi juu ya nyeupe. Maandishi ya kawaida yanatakiwa kufikia angalau 4.5. Niliupima ukurasa wangu wa kukaribisha, nyekundu juu ya kijani: takriban 1.3. Manjano yangu juu ya nyeupe ilikuwa 1.1. Kumbe ngeli ya LI-YA haikuwa ngumu kwa watoto wa Pwani. Ilikuwa haionekani, na zaidi jua lilipopiga kwenye vioo vya monita zile kuukuu, ambazo hakuna mbili zilizoonyesha rangi sawasawa. Watoto waliofunga madirisha walikuwa wakijitafutia mwanga wa kusomea kwa kuongeza giza chumbani.

Na lile jahazi, na ule udi? Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, ambaye kitabu chake kuhusu kujifunza kwa maneno na picha kilitoka mwaka 2001, alifanya majaribio mengi kuhusu jambo hili, na matokeo yake ni kwamba wanafunzi huelewa vizuri zaidi pale maneno, picha na sauti za kupendeza zisizohusiana na somo zinapoondolewa. Akili hushika machache kwa wakati mmoja. Jahazi likipita chini ya skrini, jicho hulifuata, litake lisitake, na kila mara mtoto huanza upya pale alipoachia. Nilikuwa nikiwapunguzia watoto nafasi ya kufikiri, nikaita kuwachangamsha. Kitufe kilichohamahama kiliwafanya watafute njia badala ya kutafuta jibu.

Kilichoniumiza zaidi ni kuwa haya hayakuhitaji California. Yalikuwa katika chuo cha Qurani nilikosomea utotoni. Abu al-Aswad ad-Du'ali, aliyefariki mwaka 69 Hijria, anasimuliwa kuwa ndiye aliyeanza kutia alama za irabu katika Msahafu ili wasomaji wasikosee. Alitumia nukta, na nukta zake zilikuwa za wino mwekundu kando ya herufi nyeusi. Nukta juu ya herufi ni fat-ha, chini yake ni kasra, mbele yake ni dhumma. Angalia alivyofanya. Wekundu ulitenganisha alama na herufi, basi. Maana yenyewe ilibebwa na mahali nukta ilipokaa. Asiyeuona wekundu bado angesoma, maana juu ni juu na chini ni chini kwa kila jicho. Waandishi wa misahafu wa Siyu, kisiwani Pate, katika karne ya 18 na ya 19, walikuwa na wino mweusi, mwekundu na wa manjano, na mapambo yao ni ya kuvutia macho. Hata hivyo aya yenyewe waliiacha nyeusi juu ya karatasi nyeupe. Misahafu ya tajwidi ya rangi tunayoinunua leo nayo ni hivyo hivyo. Rangi inamkumbusha msomaji hukumu ya kusoma, kama ya ghuna au ya madda, lakini hukumu hiyo imo katika herufi zenyewe, na aliyesoma kwa shekhe ataitamka hata kwenye msahafu mweusi mtupu.

Miongozo ile ya 2008 ina sharti linalosema jambo hilo hilo: rangi isiwe njia pekee ya kufikisha habari. Nilipolisoma nilifunga kompyuta nikakaa kimya. Nililelewa na watu waliolijua kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Hata leso niliyoichezea ilikuwa ikinifundisha. Nenda Mtaa wa Biashara, simama mbele ya duka lolote, tazama leso zilizotundikwa. Pindo lina rangi kali, mji wa katikati una maua, korosho au mananasi yaliyosongamana, lakini jina, yale maneno yaliyoandikwa, limepewa mahali pake, chini ya mji, katika nafasi iliyoachwa wazi kwa ajili yake. Herufi ni kubwa, zimesimama, ni za rangi moja. Jina halipiti juu ya maua. Na halihamihami, mwanamke hahitaji kulitafuta kwenye kona tofauti kila anaponunua leso mpya. Nilichukua pindo nikaacha hekima ya jina.

Nililiandika somo upya. Maandishi sasa ni meusi juu ya rangi ya karatasi, herufi za kawaida zisizopinda. Picha ya Ngome imebaki ukurasa wa kwanza peke yake, mahali ambapo hakuna cha kusomwa. Jahazi na muziki nimeviondoa. Kiambishi cha ngeli kimepigwa mstari chini na kukolezwa, na jina la ngeli limeandikwa juu ya kila kisanduku, yale maandishi niliyoyaona yanaharibu sura. Rangi nimebakiza moja, buluu nzito, nayo ina kazi moja: kuonyesha kiambishi kinachopatanisha. Mtoto akipata, skrini huandika “Sahihi” na kuweka alama ya tiki. Akikosa, huandika “Jaribu tena” na kumwonyesha mahali pa kuangalia. Kitufe cha kuendelea kiko chini kulia, kila ukurasa. Kadiri mtoto anavyosonga mbele buluu ile hupungua, kisha mstari nao huondoka, hadi zoezi la mwisho linakuwa jeusi tupu kama karatasi ya mtihani. Kabla ya kumpa mtoto ukurasa wowote huutoa kopi ya wino mweusi, nikajaribu kuujibu mwenyewe kwenye karatasi hiyo. Kazi hiyo ni ya dakika chache na haihitaji kifaa chochote ambacho mwalimu wa Mombasa hawezi kukipata.

Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, na watoto wakasomea kwenye simu za wazazi wao, zenye vioo vidogo na vingi vimepasuka, somo hili jipya lilisomeka. Lile la zamani lisingesomeka hata kidogo.

Wageni waliokuja tena hawakupiga picha nyingi. Mmoja aliniuliza kwa upole kama nilikuwa sijamaliza kulipamba. Nilimweleza, na sidhani kama alielewa, lakini sikubadilisha kitu.

Yule mvulana hakurudi kituoni. Niliandika barua ya pili, ndefu kuliko ya kwanza, nikaipeleka kwa mkono, nikakiri ndani yake kuwa alama zote nilizompa ni batili. Nilimwomba radhi yeye mwenyewe, mbele ya mama yake, kwa kumwita mnakili na kumkalisha peke yake. Aliitikia, “Haidhuru, Mwalimu,” kwa adabu aliyolelewa nayo, macho yakiwa chini. Mama yake alimfungulia mpira siku ile ile. Nilimwalika mtoto aje aone somo jipya, na aliniahidi kuja. Sikumlaumu alipokosa. Alikuwa ameshajifunza kutoka kwangu kwamba Kiswahili, lugha ya nyumbani kwao, hakimtaki, na jambo kama hilo halifutiki kwa barua.

Nina neno moja kwa walimu wenzangu wa kisiwani na ng'ambo ya Nyali na Likoni. Siku zile za sifa niligawa somo langu la kwanza kwa kila aliyeniomba. Lilitoka kituoni kwenye vidude vya flashi, likapita kutoka mkono hadi mkono, likanakiliwa kwenye kompyuta za shule na madrasa ambazo siwezi kuzijua zote, na siwezi kulirudisha. Utalitambua kwa pindo la leso ukingoni, jahazi linalopita chini na ngeli zilizopangwa kwa rangi tano bila majina. Ukilikuta, lifute. Na kama kuna mtoto ambaye lilimhukumu kuwa mzito, mwandikie maneno yale yale kwa kalamu nyeusi kwenye karatasi nyeupe, umpe muda, usome anachokuandikia.